Kutambua makazi ya kale yaliyofukiwa kando ya mto: mwongozo wa bonde la Malagarasi

Kigae cha chungu kilichoonekana ukingoni mwa Malagarasi, mto wa magharibi mwa Tanzania, hakithibitishi kwamba watu waliwahi kukaa pale. Kinathibitisha tu kwamba chungu kilivunjika mahali fulani, na mto una miguu. Kazi yote ya kutafuta makazi yaliyofukiwa kando ya maji inasimama juu ya swali moja: hiki kiliachwa hapa na watu, au kililetwa hapa na maji? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa historia, maofisa utamaduni, wanafunzi na vikundi vya vijijini kuanzia Uvinza kuteremka hadi Ilagala, wanaotaka kulijibu swali hilo kwa kutembea, kuangalia na kuandika, bila kupiga jembe hata mara moja.

Ulaya swali hilo limejibiwa mara nyingi kwenye vila za Kirumi, yaani nyumba kubwa za mashambani za enzi ya Dola ya Rumi. Nyingi zilijengwa karibu na mto kwa ajili ya maji na usafiri, na ujirani huo huo ndio uliozifukia: tope la mafuriko kutoka mtoni, udongo ulioporomoka kutoka mlimani. Vila ya Lullingstone, kando ya mto Darent kusini mwa Uingereza, ilifunikwa na udongo wa mteremko ulio nyuma yake, na sakafu yake ya mozaiki ikasalimika humo. Jumba la Kirumi la Fishbourne, huko huko kusini mwa Uingereza, liligunduliwa mwaka 1960 kwa sababu tu palichimbwa mtaro wa bomba la maji.

Kinachomwonyesha mwanaakiolojia kwamba chini ya shamba kuna vila si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Kuna vigae bapa vya paa vyenye kingo zilizoinuliwa, pamoja na vile vya mgongo wa mviringo vilivyofunika maungio. Kuna vijiwe vya mozaiki vyenye upande wa sentimita 1 hadi 2, vipande vya lipu iliyopakwa rangi, na matofali ya mraba ya sentimita 20 hivi yaliyopangwa kuwa nguzo fupi za kuinua sakafu ili hewa ya moto ipite chini yake. Kuna misumari, na mifupa ya jikoni. Vyote vikikutwa mahali pamoja, vikubwa kwa vidogo, kingo bado kali, nyumba iko chini. Kigae kimoja cha paa ndani ya changarawe za mto hakimchangamshi mtu.

Malagarasi haina vila, na mtu asikuuzie hadithi ya Warumi wa Uvinza. Tunachoazima ni mantiki hiyo ya mchanganyiko. Badala ya vigae vya paa, huku tafuta vipande vya udongo wa ukuta ulioungua, vyenye mifereji iliyoachwa na fito. Badala ya mozaiki, tafuta sakafu ya udongo ulioshindiliwa, ambayo kwenye ukingo uliokatika huonekana kama ukanda mwembamba, mgumu, uliolala sawa. Badala ya tanuri la bafu, tafuta majivu, makaa, mawe ya mafiga yaliyopasuka kwa moto, mavi ya chuma (makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa), na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto iliyopuliza moto. Kwa upande wa Tabora ongeza tembe, nyumba ya jadi ya huko: paa lake ni bapa na limejazwa udongo, kwa hiyo likianguka huifukia sakafu yake lenyewe, na kinachobaki ni kituta chenye pembe, mara nyingi kikizunguka uwanja wa katikati.

Kwamba kuna cha kutafuta, halina shaka. Mwaka 1967 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na matokeo yao yalionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo kwenye vyungu tangu karne ya 5 au ya 6 hivi baada ya Kristo. Chumvi hiyo ilivutia wafanyabiashara kutoka mbali, na watu wa kusafiri huacha kambi, njia na vivuko.

Kabla ya kutoka nyumbani

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya 1886. Kuchimba kunahitaji leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Kwa kundi lisilo na leseni kanuni ni fupi: angalia, hesabu, piga picha, andika, acha. Kigae kikitiwa mfukoni kimegeuka pambo la kabati, kwa sababu nusu ya ushahidi wake ilikuwa ni mahali kilipolala.

Anzeni kwa afisa utamaduni wa wilaya, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji chenyewe. Ombeni nafasi ya kujieleza kwenye mkutano wa kijiji, na msiione kuwa ni adabu tu. Watu wenye kamba, vigingi na simu inayosoma setilaiti wakionekana mashambani, uvumi wa kwanza utakuwa kwamba wanatafuta dhahabu ya Mjerumani. Uvumi huo una madhara ya kweli: wiki mbili baada ya nyinyi kuondoka, mtu atakuja usiku na sururu pale pale mlipopigilia kigingi. Semeni wazi mnachotafuta, onyesheni picha za vigae na mavi ya chuma, na mng'oe kila kigingi jioni.

Wazee waulizwe mambo mawili. La kwanza ni wapi hapakanyagwi, maana chemchemi na miti fulani ina matambiko yake, na huko hakupitwi bila mwenyeji. La pili ni wapi palikuwa na watu zamani. Usimuulize mzee "historia ya kijiji", utapewa hotuba. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, uliza hivi: "Mzee, mkilima huku, wapi jembe linagonga vyungu?" Wachimba vyoo, wachimba visima na wafyatua matofali waulizwe vivyo hivyo. Shimo la choo lenye kina cha mita 3 limekwisha kukata matabaka ambayo wewe huruhusiwi kuyagusa, na kifusi chake bado kiko pembeni.

Vifaa ni vichache: futi kamba ya mita 50, kamba ya manila, vigingi 20, vijiti vyenye utepe mwekundu kama 100 vya kuchomeka kila mnapoona kitu, dira, rula ya kuweka kwenye picha, daftari la karatasi ngumu, penseli (wino huyeyuka), na simu yenye GPS.

Kwenye GPS ndiko kazi nyingi za Kigoma zinakoharibikia. Mstari wa longitudo 30 mashariki unapita kati ya Kigoma mjini na Uvinza. Katika UTM, yaani mfumo wa kuandika mahali kwa mita ndani ya kanda, magharibi yake ni kanda ya 35 kusini, mashariki yake ni kanda ya 36 kusini. Ukiandika namba bila kutaja kanda, atakayezisoma baadaye anaweza kutua mamia ya kilomita kutoka pale ulipokuwa. Tatizo la pili ni ramani za zamani za 1:50,000, ambazo zimechorwa kwa datumu (msingi wa vipimo vya ramani) ya Arc 1960, ilhali simu yako inasoma datumu nyingine, WGS84. Tofauti yake huku kwetu ni kama mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini-kusini. Kando ya mto, mita 300 zinatosha kuhamisha kijiji kizima ng'ambo. Dawa ni nyepesi: tumia WGS84 peke yake, andika latitudo na longitudo kwa desimali tano, na uandike neno "WGS84" kwenye kila ukurasa, si kwenye jalada tu.

Lini, na wapi pa kuanzia

Kuna vipindi viwili vinavyofaa. Cha kwanza ni Agosti na Septemba, majani yakiwa yameungua na mto umeshuka hadi kingo zake zinaonekana. Cha pili ni wiki chache baada ya mvua za kwanza, kwa kawaida mwezi Novemba, wakati matuta mapya yamesuuzwa na vigae vimebaki juu ya udongo vikiwa vimeoshwa. Kipindi hiki cha pili ni kifupi mno, lakini kwa mashamba ya mihogo na mahindi ndicho bora. Ukingoja mahindi yafike magotini, umechelewa. Moto wa kiangazi nao una hila yake: huvitia vigae vya juu masizi meusi na kupasua mawe, ukadhani umepata meko ya kale. Kigeuze kigae, kama weusi uko upande wa juu tu, ni moto wa mwaka huu.

Usianzie kwenye ukingo wa maji. Anzia kwenye uwanja ulioinuka juu ya bonde la mafuriko, ambao maji ya masika hayaufikii ila kwa mwaka wa ajabu. Watu wa kale hawakuwa wajinga kuliko wa leo: walilala pakavu, wakateremka kuchota. Simama bondeni utazame wakazi wa sasa walikojenga, kisha tafuta mahali penye sifa hizo hizo pasipo na nyumba. Angalia pia mikondo ya mto iliyokufa, yale mabwawa membamba yaliyojikunja kama upinde. Leo eneo linaweza kuwa kilomita nzima kutoka majini, lakini wakati linakaliwa mto ulikuwa mlangoni.

Mahali pa pili pa thamani ni ukingo uliokatika, upande wa nje wa kona ya mto. Huko maji yamekukatia ukuta wa udongo bure, na matabaka yanaonekana kutoka juu hadi chini. Yasome ukiwa ng'ambo kwa darubini, au ukiwa kwenye mtumbwi na mvuvi anayeujua mto. Ukiwa juu, kaa mita 2 kutoka mdomo wa ukingo, kwani kiangazi udongo wake umepasuka na hubomoka bila kutoa taarifa. Alfajiri na magharibi msiwe huko kabisa. Kiboko anayerudi majini hapishani na mtu aliyesimama katikati ya njia yake, na mamba wa Malagarasi hawahitaji kuelezwa kwa watu wa Uvinza.

Kutembea na kuhesabu

Jipangeni kwenye mstari, mita 10 kati ya mtu na mtu, mkitembea sambamba na mto. Kila mmoja anaangalia mita 1 kulia na mita 1 kushoto. Kwa mpangilio huo mnaiona sehemu ya tano tu ya ardhi, na hiyo inatosha, ili mradi iandikwe hivyo. Mkitanua hadi mita 20 mtaona sehemu ya kumi. Eneo dogo, nyumba mbili tatu kwa mfano, litapita katikati yenu bila kuonekana. Mwendo uwe wa kuchunga mbuzi. Anayewahi mbele haoni kitu.

Kila baada ya mita 20 simameni, kila mtu aandike idadi ya vigae, vipande vya udongo ulioungua, mavi ya chuma na mawe ya kusagia, kisha akadirie ardhi inaonekana kwa asilimia ngapi. Makadirio hayo ndiyo huachwa kwanza watu wakichoka, na ndiyo hufanya hesabu ziwe na maana. Vigae 10 kwenye ardhi inayoonekana kwa asilimia 20 ni vingi kuliko 20 kwenye shamba jeupe lililolimwa jana. Shamba lisilo na kitu nalo liandikwe sifuri, lisiachwe wazi, la sivyo msomaji hatajua kama hamkuona kitu au hamkufika.

Penye vijiti vyekundu vingi, rudini na kamba. Pigilia kigingi, funga kamba ya mita 1.78, na uizungushe: umepata duara la mita za mraba 10. Hesabu kila kitu ndani ya duara, hata vipande vya ukubwa wa ukucha. Pima maduara kama haya kila mita 10 katika mistari miwili inayokatana katikati ya eneo, mpaka hesabu ishuke hadi sifuri kila upande. Hapo ndipo mpaka wa eneo ulipo. Watu wengi huishia pale vigae vinapoanza kupungua, wakaandika eneo nusu ya ukubwa wake.

Watu au maji

Sasa swali lenyewe. Chukua vigae 50 vya kwanza vilivyo kwenye maduara, vitazame bila kuviondoa, na uvigawe kwa kingo zake: kali, butu, au mviringo. Kigae kilichovunjika na kubaki palepale kina kingo kali na uso wa mpasuko wenye chembe zinazokwaruza kidole. Kilichosafiri na mchanga wa mto kimelainika kama kokoto, na nakshi zake zimefutika kwanza sehemu zilizoinuka. Kama zaidi ya nusu ni mviringo, usiandike "makazi". Andika "vigae vilivyoletwa na maji" na uanze kupanda mto kutafuta vilikotoka. Uangalifu kidogo hapa: jembe nalo huvunja vigae, na mpasuko wa jembe una rangi mbichi tofauti na uso wote. Huo haupimi safari ya mto, uruke.

Kisha angalia ukubwa. Maji huchambua. Kwenye fungu la changarawe upande wa ndani wa kona, vigae vyote huwa na ukubwa unaokaribiana, kwa sababu mkondo uliokuwa na nguvu ya kuvibeba ulipita na vidogo na haukuweza vikubwa. Mahali watu walipoishi hapachagui: kuna mdomo wa chungu wa kiganja kizima, kuna vumbi la vigae, kuna jiwe la kusagia la kilo kadhaa ambalo mto usingelibeba pamoja na vile vidogo. Mchanganyiko usio na mpangilio ni habari njema.

Dalili ya tatu ni mlalo. Vitu bapa vilivyowekwa na mkondo hulaliana kama magamba, vikiinamia upande maji yanakotoka, na vile virefu huelekea kufuata mwelekeo mmoja. Simama na dira, pima mwelekeo wa vigae 20 virefu kwenye ukingo uliokatika. Vikikubaliana, maji yamevipanga. Vikitazama kila upande, au vikilala bapa juu ya ukanda mgumu mweusi, una sakafu au jaa.

Dalili yenye nguvu kuliko zote ni vitu visivyoweza kusafiri pamoja. Mkaa ni mwepesi, huelea. Mavi ya chuma ni mazito, huzama na kubaki nyuma. Udongo wa ukuta ulioungua kidogo huyeyuka ukisafiri masafa mafupi tu. Ukivikuta vitatu hivyo ndani ya tabaka moja lenye unene wa kiganja, hakuna mafuriko yaliyoweza kuvikutanisha. Vivyo hivyo vigae viwili vinavyoungana: vikae mita moja kutoka kimoja hadi kingine, mpasuko ukaingia kwenye mpasuko, hiyo ina thamani kuliko vigae mia vya peke yake.

Wengi hujikwaa kwenye kina. Husemwa kwamba kilicho chini zaidi ni cha zamani zaidi, na kwenye tope la mafuriko lisiloguswa ni kweli. Lakini huku kwetu kuna mchwa. Mchwa hupandisha chembe laini juu na kuacha vizito vishuke polepole, hata mwishoni kigae cha juzi, kokoto na chombo cha jiwe cha maelfu ya miaka vikakutana kwenye mstari mmoja wa mawe, nusu mita au zaidi chini ya ardhi. Mstari huo ukiuona ukingoni, ukiwa hauna mkaa, majivu wala tofauti ya rangi juu na chini yake, si sakafu. Usiutumie kukadiria umri.

Kwa umri, ukiwa hujachimba, vyungu ndivyo vitakusaidia, na kwa tahadhari. Vyungu vya zama za mwanzo za chuma katika ukanda wa Maziwa Makuu huwa na mdomo mnene uliochongwa kwa pande na michirizi iliyozama, iliyochorwa udongo ukiwa mbichi. Nakshi za kuviringisha kamba iliyosokotwa au kijiti kilichochongwa, zinazoacha alama ndogo ndogo zinazojirudia, kwa jumla ni za milenia ya pili. Piga picha ya mdomo kwa ubavu, si kwa uso tu. Umbo la mdomo ndilo msomi wa vyungu ataliuliza kwanza, na picha nyingi za simu hazilionyeshi.

Vinavyofanana lakini sivyo

Tanuri la matofali ndilo mdanganyifu mkuu. Wafyatuaji hufanya kazi kando ya mto kwa sababu ya maji na udongo, na tanuri likishabomolewa huacha ardhi nyekundu iliyoiva, mkaa, na vipande vya udongo ulioungua, vyote vikiwa na kingo kali. Tofauti iko kwenye vipande vyenyewe: tofali lina nyuso bapa na pembe, na huachwa na alama za kalibu, udongo wa ukuta una upande mmoja uliosiribwa na mwingine wenye mifereji ya fito yenye unene wa kidole au zaidi. Na karibu na tanuri huwa kuna shimo ulikochimbwa udongo.

Kwenye ukanda wa tumbaku, Urambo na jirani zake, mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku) yaliyoungua huacha mstatili wa udongo mwekundu unaoshawishi sana. Uliza tu, mwenye shamba anakumbuka bani la baba yake. Tanuru la mkaa huacha mstatili mweusi, laini, usio na kigae hata kimoja. Kichuguu kilichokufa hufanana na kituta cha nyumba, ila ni cha mviringo na udongo wake ni safi mno. Isipokuwa pale watu wa kale walipokitumia kujengea tanuri la chuma, na hapo mavi ya chuma yatakuambia.

Mahame ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, yanastahili kuandikwa kwa haki yake, lakini yasichanganywe na ya kale. Yana miembe, minyaa iliyopandwa kwa mstari, vioo vya chupa, betri za tochi, bati na masufuria ya alumini. Miembe mikubwa sana iliyo kwenye mstari kuelekea Ujiji au Tabora ni habari nyingine: inaweza kuwa ya njia ya misafara ya karne ya 19. Hapo tafuta shanga za kioo, hasa kwenye vinjia vilivyosuuzwa na mvua.

Kuhusu majani na mimea. Uingereza, kiangazi cha mwaka 2018 kilikuwa kikavu kiasi kwamba kuta na mitaro iliyofukiwa ilijichora yenyewe mashambani: shayiri juu ya ukuta hudumaa na kuwa ya njano, juu ya mtaro hurefuka na kubaki kijani. Huku kuta za udongo hazina jiwe la kuzuia mizizi, kwa hiyo usitegemee michoro ya vyumba. Tegemea mabaka: kijani iliyokolea juu ya majaa ya majivu na mazizi ya zamani, mahindi mafupi juu ya sakafu zilizoshindiliwa. Picha za setilaiti za Julai hadi Septemba huonyesha mabaka hayo vizuri kuliko za masika. Karibu na chemchemi za Uvinza usihangaike na vipara vya ardhi. Ni chumvi iliyokausha majani. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa eneo la hekta chache faida yake ni ndogo kuliko usumbufu wake.

Mkishapata

Kila eneo liwe na ukurasa wake: jina la kitongoji, tarehe, kipimo cha GPS, umbali hadi maji, kimo juu ya maji ya kiangazi, asilimia ya ardhi iliyoonekana, hesabu za kila duara, mgawanyo wa kingo za vigae 50, na mchoro wa mkono wenye mshale wa kaskazini. Picha ziwe za aina tatu: moja ya mbali yenye alama isiyohama, kama mlima au daraja la reli, moja ya eneo lote, na za karibu zenye rula. Andika ulichoona kando, na unachodhani kando. "Udongo mwekundu, mita 2 kwa 3" ni kitu ulichoona. "Tanuri" ni dhana.

Mkaa ukionekana ukingoni, msiuchokoe. Watu wenye leseni watauchukua kwa kifaa safi, wataufunga kwenye karatasi ya alumini, na watapendelea kijiti chembamba au punje iliyoungua. Shina la mti wa miaka 200 likipimwa kwa radiokaboni, njia ya kukadiria umri kwa kaboni iliyomo, laweza kutoa umri wa mti, si wa moto. Mkaa ulioshikwashikwa au uliofungwa kwenye karatasi ya gazeti umeshatiwa kaboni ya leo.

Ukingo unaobomoka unahitaji kupimwa tena. Chagua mti imara au jiwe lililo mbali na mdomo, piga rangi alama ndogo kwa idhini ya mwenye shamba, na upime kutoka hapo hadi mdomo wa ukingo kabla ya masika na baada yake. Ukingo ukirudi nyuma kwa mita 1 katika msimu mmoja, na tabaka lenye vigae liko mita 3 tu kutoka mdomoni, Idara ipewe taarifa hiyo kwa namba, kwa maandishi, kupitia ofisi ya wilaya. Barua inayosema "eneo liko hatarini" hukaa kwenye trei. Inayosema litakuwa mtoni baada ya masika matatu humpa afisa sababu ya kuomba gari.

Toeni nakala tatu za kila ukurasa: ya Idara, ya afisa utamaduni, na ya ofisi ya kijiji. Ile ya kijiji, na chochote kinachotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, iwe na jina la kitongoji tu. Namba za GPS zibaki kwenye zile mbili za kwanza.